Hans Hakufika Tokyo: Je, Japani Inazijua Kweli Nyimbo za Jadi za Ujerumani?

Watoto wa chekechea nchini Japani huimba "Chōchō", wimbo wa kipepeo anayeambiwa atue kwenye jani. Ujerumani mahadhi hayo ni ya "Hänschen klein", kisa cha kijana Hans anayeshika fimbo na kofia akaenda kutembea ulimwenguni, huku nyuma mama yake analia. Marekani yalishageuzwa wimbo wa kupiga makasia, "Lightly Row". Njia iliyoyafikisha Japani ni hiyo ya Marekani: Isawa Shūji, aliyepewa kazi ya kuanzisha masomo ya muziki shuleni, alisoma kwa Luther Whiting Mason wa Boston, kisha mwaka 1880 Mason mwenyewe akaja Tokyo. Kitabu chao cha kwanza cha nyimbo za shule za msingi, chenye tarehe ya 1881 na nyimbo 33, kilimbeba kipepeo. Hans alipotelea njiani.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaosema Wajapani wanazijua nyimbo za Kijerumani kama mboga za nyumbani kwao, na wapo wanaosema wanajua mahadhi tu, wimbo wenyewe hawajawahi kukutana nao.

Kundi la kwanza lina ushahidi mzito. "Alle Vögel sind schon da" iliingia kwenye kitabu cha pili, mwaka 1883, kwa jina la "Kasumi ka kumo ka". Mwaka 1909 mtafsiri Kondō Sakufū alichapisha maneno ya Kijapani ya "Heidenröslein" (waridi la porini), yaani "Nobara", na ya "Lorelei" na "Lindenbaum". Vitabu vya shule vya 1947 vikaleta nyuki wa "Bunbunbun" na mbweha wa "Kogitsune". Hii si mitindo ya kupita. Nyimbo za Kirusi zilienezwa Japani zaidi na mikahawa ya kuimba pamoja baada ya vita. Za Kijerumani ziliingia kwa mlango wa darasa, na kinachoingia kwa mlango huo hufika kila kijiji.

Tena kazi ya Kondō haikuwa ya kubandika maneno ovyo. Hesabu mizani. Mstari wa kwanza wa Goethe, mshairi wa Kijerumani aliyetunga maneno ya "Heidenröslein", "Sah ein Knab' ein Röslein stehn", una mizani 7, na unaofuata una 6. Kondō aliandika "warabe wa mitari", mizani 7, kisha "nonaka no bara", mizani 6. Kila silabi ya Kijapani ilikaa palepale ilipokuwa ya Kijerumani. Mbweha naye yuko sawa: mstari wa Kijerumani una silabi 8, na "kogitsune konkon" ni 8 kwa hesabu ya Kijapani, ambayo "n" ya mwisho huihesabu peke yake, kama sisi tunavyoihesabu "m" ya "mtu". Anayejua jinsi tenzi za kanisani zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani zinavyolilazimisha neno la Kiswahili kukazwa pasipo pake ataiheshimu kazi hii. Kijapani hakina mkazo wa aina yetu, kwa hiyo mtafsiri huko ana nafasi kubwa zaidi ya kucheza.

Kuna sababu nyingine ya kudumu kwa nyimbo hizi ambayo haitajwi sana. Ngazi ya sauti iliyopendwa Japani wakati ule haikuwa na noti ya nne wala ya saba: do, re, mi, so, la, basi. Ndiyo maana wimbo wa Kiskoti "Auld Lang Syne", uliojengwa kwa noti hizohizo tano, uliwaingia bila shida. Nyimbo za Kijerumani zilileta fa, yaani noti ya nne, na hatua fupi ya mi kwenda fa ndiyo inayomtelezesha asiyeizoea, huipandisha mno. Lakini angalia zilizodumu. "Chōchō", "Kasumi ka kumo ka", "Bunbunbun", "Kogitsune": zote zina fa, na hakuna hata moja yenye ti, noti ya saba. Mtoto alipewa ugumu mmoja tu kwa wakati. Sidhani kama kuna aliyepanga hivyo tangu mwanzo. Nadhani zenye ugumu mara mbili zilichujwa na vinywa vya watoto.

Sasa kundi la pili, na hoja zao zinauma. Katika wimbo wa Kijerumani mbweha ameiba bata bukini na anatishiwa bunduki ya mwindaji. Katika wa Kijapani yuko mlimani anaponda matunda ya porini ajirembe, kichwani kachomeka jani la mmepo. Mwizi amekuwa bibi harusi! "Chōchō" ina jambo zito zaidi: toleo la kwanza lilitaja maua ya mcheri yanayostawi katika enzi ya mfalme, na mwaka 1947 maneno hayo yakaondolewa, kipepeo akawa anaruka tu kutoka ua hadi ua. Mahadhi ya Kijerumani yalibeba utii kwa Kaizari wa Japani kwa zaidi ya miaka 60, na yeyote aliyekuwa akiyaimba hakuwa na haja ya kujua yametoka wapi.

Hata "Nobara" haikusalimika. Ubeti wa mwisho wa Goethe ni mkali: ua linajitetea, linachoma, halisaidiki. Kwa Kondō ua linachumwa, kisha harufu na rangi yake zinasifiwa kuwa hazififii kamwe. Maumivu yametolewa. Na Kijapani chake ni cha kale. "Najika" (kwa nini), neno linalofungua "Lorelei", halisemwi na mtu leo.

Shuleni nako mambo yamebadilika. Nyimbo za lazima za shule ya msingi ni 24, nne kwa kila darasa, na zote ni za Kijapani. Za Kijerumani zimebaki kwa hiari ya wachapishaji na walimu wa chekechea.

Mimi naegemea kundi la pili kwa "Chōchō" na mbweha, na la kwanza kwa "Nobara". Kigezo changu ni kimoja: je, mwimbaji wa upande mmoja akisikia maneno ya upande wa pili yametafsiriwa, atautambua wimbo wake? Kwa "Nobara" ataona kijana, ua na mchumo. Kwa mbweha ataona mnyama tu.

Kwa kwaya inayotaka kuimba na Wajapani, tofauti hii ina kazi. Chagua "Nobara", lakini taja mtunzi kabla ya kuanza: Japani yanajulikana mahadhi ya Schubert ya 1815 na ya Heinrich Werner ya 1829, na maneno ya Kondō huimbwa kwa yote mawili. Msipokubaliana, nusu wataanza mapigo mawili ya Schubert na nusu mapigo sita ya Werner, na ubeti wa kwanza utaharibika kabla ya mstari wa pili.

Na epuka kumwomba Mjerumani aongoze "Kokyō o hanaruru uta", wimbo wa kuaga nyumbani uliopewa maneno na Yoshimaru Kazumasa mwaka 1913. Wajapani watakuambia ni wimbo wa jadi wa Ujerumani, "Der letzte Abend", na ndivyo ulivyo. Ila Ujerumani kwenyewe umesahaulika kiasi kwamba mgeni wako huenda akausikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa Wajapani.