Mizani 8 za Mwana Kupona, zikisomwa Dodoma

Walimu wa fasihi hapa Dodoma wakikutana, ubishi huu hauko mbali: Utendi wa Mwana Kupona, wosia wa kishairi wa mama huyo kwa bintiye, uliotungwa mwaka 1858 kwa Kiswahili cha Pate na Lamu, unamnasa msomaji wa bara kwa mapigo yake au kwa maneno yake? Wa mapigo husema kijana wa Kongwa au Bahi hajui nusu ya msamiati ule, na bado akisomewa anatega sikio. Wa maneno hujibu kwamba mizani 8, yaani silabi 8 kwa kila mstari, kila mtunzi anazo. Tenzi ngapi za harusini na majukwaani zilitimiza mizani zote na kesho yake hakuna aliyezikumbuka?

Tuanze na ubeti wa kwanza, mama mgonjwa akimwita bintiye:

Negema wangu binti,
mchachefu wa sanati,
upulike wasiati,
asa ukazingatia.

Wanaotaka shule zipewe toleo lililosanifishwa wana hoja. Kipindi kizima kinaishia kwenye “negema” na “pulika”, na utamu unabaki ubaoni. Haya, tujaribu: “Sogea wangu binti, mwenye miaka michache, usikilize wasia, upate kuzingatia.” Hesabu kwa vidole: 8 kila mstari. Maana imebaki, mizani imetimia, na ubeti umekufa. Kile kina cha -ti, kilichogonga mara tatu mfululizo, hakipo tena. Tena -ia imewahi kuingia mstari wa tatu, kwa hiyo wa nne haufungi chochote. Kumbe mizani peke yake si mapigo.

Wapenzi wa maneno ya kale nao wasishangilie mapema. Ubeti wa pili ni huu:

Maradhi yamenishika,
hata yametimu mwaka,
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

Ukiondoa “lema”, yaani jema, hakuna cha kumsumbua mtu wa Dodoma. Ndivyo mtu anavyomweleza jirani habari za ugonjwa wake. Kwangu unauma kuliko wa kwanza, na hauna hata neno moja la fahari.

Wapo wanaosema mistari mifupi ni pumzi ya mgonjwa. Sikubaliani nao, maana mizani hizohizo zimebeba tenzi za vita. Ninachokiona mimi kiko kwenye kina cha bahari, ile -ia inayorudi mwisho wa kila ubeti. Watu hukidharau kwa kuwa ni chepesi, kila anayejifunza kutunga hukikimbilia. Lakini -ia ndiyo sauti ya kauli ya kutendea, ile ya kumfanyia mtu jambo. Katika wosia, ambapo kila jambo linasemwa kwa ajili ya mtu fulani, “kukwambia” inapoangukia mwisho wa ubeti, kina na nia ya msemaji vinakuwa kitu kimoja. Hapo sijui utayatenganishaje mapigo na maneno.

Na mapigo yenyewe hayakuhitaji damu ya pwani. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa hapahapa Dodoma anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha ngonjera, yaani mashairi ya majibizano, alitunga utenzi wa Injili na wa Zaburi. Umbo lilisafiri hadi bara bila msamiati wa Lamu, na likafanya kazi nyingine kabisa. Hii ni turufu ya watu wa mapigo, nami nawapa.

Ila turufu hiyo ina upande mbaya. Sikiliza:

Mama pulika maneno,
kiumbe ni radhi tano,
ndipo apate usono
wa akhera na dunia.

Usono ni raha, na katika radhi hizo tano za kuupata, ya tano ni ya mume. Wasomaji wengi wa leo, wanawake kwa wanaume, wana maswali mazito juu ya utii unaohubiriwa hapo, na wana haki. Lakini ubeti unateleza mdomoni kiasi kwamba unaukariri kabla hujaamua kama unaukubali. Ingekuwa insha, ungebishana nayo tangu sentensi ya kwanza.

Kwa hiyo ningeyaacha maneno ya Mwana Kupona yalivyo, maelezo yawekwe pembeni mwa ukurasa. Darasani usomwe kwa sauti kwanza, mzima, kabla mwalimu hajaeleza neno hata moja. Halafu usomwe tena polepole, wanafunzi wakiruhusiwa kumbishia mama huyo ubeti kwa ubeti.