Sauti Inayotangulia Picha
Kinachonikera katika kurekodi michezo ya kompyuta kwa programu inayokuja na kadi ya michoro (kifaa cha kompyuta kinachotengeneza picha) si mzigo wake kwa kompyuta, kwa kuwa kadi za siku hizi zina sehemu maalumu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili, bali ni tabia yake ya kubadilisha idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde bila kuniuliza. Jana nilirekodi saa nzima kwa fremu 60, na nilipoifungua video kwenye programu ya kuhariri, mlio wa risasi ulisikika kabla bunduki haijafyatuliwa, na kadiri video ilivyosonga ndivyo pengo lilivyozidi. Kifaa cha nje cha kurekodi hupokea picha kupitia waya wa HDMI kwa mwendo thabiti, ni kweli. Lakini kwa nini nilazimike kukinunua, ilhali mpangilio mmoja tu wa kufunga idadi ya fremu isibadilike ungetosha?