Bendi za Uasi Ndani ya Kampuni Kubwa: Tazama Vipengele vya Mkataba

Januari 1977 The Clash, bendi ya Uingereza ya punk (muziki wa roki wa uasi), walisaini na kampuni ya rekodi ya CBS kwa pauni 100,000, na wapo wapenzi wa punk walioona bendi imewasaliti na muziki huo umefia hapo. Mwaka huohuo kampuni ikatoa "Remote Control" kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake, bila ridhaa ya bendi. Bendi ikajibu kwa wimbo wa kuishutumu, "Complete Control". Aliyeutoa wimbo huo, na kuuza, ni CBS ileile.

Wanaodai kwamba biashara humeza uasi hawajakosea. Mwaka 2009 mashabiki Uingereza waliendesha kampeni ya kununua wimbo wa zamani wa bendi ya uasi Rage Against the Machine ili kumnyima mshindi wa The X Factor, shindano la uimbaji la televisheni, namba moja ya chati ya Krismasi. Walifanikiwa, ila nyimbo zote mbili zilikuwa chini ya mwavuli wa kampuni moja kubwa, Sony.

Hata hivyo, mjadala wa nani msaliti huficha jambo zito zaidi, nalo ni hesabu. Tuseme bendi inapewa dola 250,000 za awali. Hizo si zawadi, ni deni linalokatwa kwenye mrabaha, yaani fungu la bendi kwa kila nakala inayouzwa. Albamu ikiuzwa dola 10, mikataba mingi ya zama za CD ilikata kwanza gharama ya kifungashio, mara nyingi asilimia 25. Mrabaha wa asilimia 12 unahesabiwa basi kwenye dola 7.50, yaani senti 90 kwa nakala. Deni litaisha baada ya nakala 278,000 hivi, na hapo bado hujaongeza nusu ya gharama ya video wala fedha za ziara. Kampuni huwa imeshaanza kupata faida zamani, kwa kuwa inakula sehemu kubwa zaidi ya kila nakala. Mbaya zaidi ni kipengele kinachounganisha madeni ya albamu zote: ya pili ikifanya vizuri, inalipia hasara ya kwanza.

Upande wa pili ipo bendi ya Fugazi ya Washington. Walitoa rekodi zao kupitia Dischord, kampuni ndogo huru ya rekodi, wakashikilia kiingilio cha takriban dola tano, hawakuuza fulana. Iliwezekana kwa sababu hawakuwa na meneja wa kumlipa na walijipangia maonyesho wenyewe. Ni njia safi, lakini inadai kazi ya ofisi ambayo wanamuziki wengi hawaiwezi, tuseme ukweli.

Tena ukubwa wenyewe si kinga. Bendi ya Marekani ya Pearl Jam, wakiwa kileleni mwaka 1994, walipeleka malalamiko dhidi ya kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster kwa Wizara ya Sheria ya Marekani, wakitaka tiketi isizidi dola 20 na ada isizidi dola 1.80. Kumbi kubwa zilikuwa zimefungwa na mikataba ya Ticketmaster, hivyo ziara yao ikavurugika, na Julai 1995 uchunguzi ukafungwa.

The Clash walipata mwanya mdogo: waliomba CBS iongeze sahani ya bure kwenye albamu yao London Calling, nayo ikageuka albamu ya pili kwa bei ya moja. Kwa albamu ya sahani tatu, Sandinista! ya 1980, walilipia bei nafuu kwa mnunuzi kwa kuacha mrabaha wa nakala 200,000 za kwanza Uingereza. Kwa bendi inayosaini leo, vipengele vya kupigania kabla ya kiasi cha fedha ni nani anachagua singo, nani anaidhinisha wimbo kutumika kwenye tangazo, na rekodi mama (rekodi halisi ambazo nakala zote hutokana nazo) zitarudi mikononi mwa bendi baada ya miaka mingapi.