Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilivyotutangulia kwenye gesi

Ukitoka Gisenyi mjini ukashika barabara ya kandokando ya Ziwa Kivu kuelekea kusini, unafika kwenye kiwanda cha bia cha Bralirwa. Kilianzishwa mwaka 1957, Rwanda ikiwa bado chini ya Ubelgiji. Watu wakikizungumzia hutaja bia ya Primus, basi. Mimi naona wanaruka sehemu bora kuliko zote.

Pombe haikuwa ngeni hapa. Urwagwa ulikuwepo: ndizi mbivu zinakandwa pamoja na nyasi ndani ya umuvure, lile hori la mti lililochongwa, maji yake yanachujwa, kisha unatiwa unga wa mtama uliokaangwa ili uchachuke. Kiwanda kilileta chupa na boila, yale matangi ya kuchemshia maji yawe mvuke. Na boila ndiyo yenye kisa, kwa sababu haishibi moto, na Gisenyi iko mbali na bandari zote za baharini ambako mafuta ya kuiwashia hupitia.

Mwaka 1963, mtambo mdogo pale Rubona, jirani na kiwanda, ulianza kutoa methani, gesi inayowaka, ziwani kwa ajili ya boila hizo. Gesi hii imeyeyuka kwenye maji ya vilindini, imebanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Unateremsha bomba, unavuta kwa pampu mwanzoni tu. Maji yakipanda, mgandamizo unapungua, mapovu yanafumuka kama soda iliyofunguliwa kizibo, na mapovu hayohayo yanaendelea kuyapandisha maji bila pampu. Kisha gesi inaoshwa kwa maji kupunguza kaboni dioksidi, ndipo inakwenda kuchomwa.

Umeme wa kiwango kikubwa wa gesi ya Kivu, kuanzia na ule wa mtambo wa KivuWatt kule Karongi, ulikuja kuanza kuuzwa mwishoni mwa 2015. Zaidi ya miaka 50 baadaye! Najua kuzalisha umeme kunahitaji mtaji mkubwa na mikataba mirefu. Lakini kiwanda cha bia kilifaulu mapema kwa sababu mnunuzi wa gesi, yaani kiwanda chenyewe, alikuwa mlangoni, anahitaji joto kila siku, wala hakungoja nguzo wala nyaya. Viwanda vya chai vya ukanda huu vinahitaji joto lilelile kukaushia majani, na vingi bado vinategemea kuni. Wanaopanga matumizi ya gesi hii wangeanza kuhesabu hapo: nani yuko karibu na ziwa, na anachoma nini leo.