Rodi Nunua Mwisho

Kila baada ya wiki mbili hivi kuna mtu ananitumia picha ya rodi ya kuvulia samaki aliyoiona dukani, na swali ni lilelile: "Kaka, hii inafaa?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Inafaa, ila usiinunue sasa.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilianzia dukani. Nilikuwa nimetazama video nyingi za watu wakivutana na samaki wakubwa aina ya kolekole, nikajiona ndiye. Nikatoa laki nne na nusu kwa rodi na rili yake (kile kigurudumu cha kuzungushia uzi), nikaongeza sanduku la chambo bandia, visamaki vya plastiki vyenye macho ya kutoka na rangi za khanga. Kofia ya mapana, miwani, glavu. Siku niliyoteremka kwenye gari pale Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, na mzigo ule, watoto walinisindikiza mpaka majini kama bwana harusi.

Nahodha niliyepatana naye alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama rodi, kisha akauliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

Nikamwambia wa pili, tarehe kumi na moja. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa ngalawa. Yeye alikuwa anaulizia mwezi wa juu.

Swali lile moja lingeniokolea pesa nyingi kama ningelisikia mapema. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji yanakuwa ya bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana, na kwa hapa Dar es Salaam tofauti yake inaweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Anayehesabu miezi ya Kiislamu hahitaji programu yoyote kwenye simu. Mosi na kumi na tano anajua bamvua limefika, nalo hukolea siku moja au mbili baadaye. Saba na ishirini na mbili anajua maji yanakufa. Na kila siku maji yanachelewa kwa kama dakika 50. Yakijaa leo saa kumi jioni, kesho yatajaa saa kumi na moja kasoro kumi.

Wengi wanadhani haya ni elimu ya kuvutia tu, ya kusimulia barazani. Hapana, ndiyo yanayoamua ubebe nini. Siku ya maji mafu unaweza kuvua chini kwa chubwi dogo, kile kizito kinachozamisha ndoana, ukahisi changu anavyodonoa chambo kwa adabu. Siku ya bamvua kali chubwi hilohilo halifiki chini. Mkondo unalibeba, uzi unalala kama kamba ya kuanikia nguo. Lakini siku hiyohiyo, penye mlango wa mwamba ambapo maji yanapita kwa nguvu, kolekole wanakaa wakisubiri visamaki vinavyosombwa. Rodi ni ileile na mvuvi ni yuleyule. Ukikosea siku utarudi ukisema bahari ya Dar haina samaki. Nimeisikia kauli hiyo kwa watu wenye vifaa vya mamilioni.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ya bamvua, na mimi nilitaka kuvua chini. Tulipita nje ya kisiwa cha Mbudya, mbali na mipaka ya hifadhi (Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, usijaribu kutupa hata ndoana moja), tukatia nanga kwenye kina ambacho mzee alikipima kwa kutazama nchi kavu tu. Yeye alikuwa na mshipi, uzi wa kuvulia kwa mkono, uliozungushwa kwenye kibao, kipande cha ngisi na jiwe. Ndiyo, jiwe, alilifunga kwa fundo linalofunguka likigusa chini. Mimi nilikuwa na uzi uliotatizana.

Mchana samaki alinishika. Mkubwa kweli, rodi iliinama mpaka ncha ikagusa maji. Na mimi, kwa kuogopa asitoroke, nilikuwa nimeikaza breki ya rili mpaka mwisho. Uzi ulikatika kwa mlio ambao bado nausikia nikilala.

Breki, jamani. Kama utachukua kitu kimoja hapa, chukua hiki: breki ya rili iachie kwenye theluthi moja ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo 15, breki ianze kuachia kwenye kilo 5. Usikisie kwa mkono. Nunua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza kuku, funga uzi, vuta, soma. Samaki achoke kwa kukimbia, wewe kazi yako ni kuhakikisha kila mita anayoichukua anailipia. Na mafundo yote yalowanishe kwa mate kabla ya kuyakaza, maana uzi wa nailoni ukisuguana mkavu unaungua palepale kwenye fundo, na utakatikia hapo.

Sasa mtu asije akanisoma vibaya, akadhani nasema mshipi wa mkono ndio wenye hekima na rodi ni ulimbukeni. Nimewasikia wanaosema hivyo, na wengi wao hawajawahi kukatwa vidole na mshipi. Mimi nimekatwa. Jodari wa kilo 20 akiamua kwenda chini, uzi unaopita kwenye kiganja ni kisu. Na ukisimama mwambani ukataka kufikisha chambo mita 50 mbele, mshipi haufiki. Rodi ina kazi yake. Ninachokataa ni kuanza nayo. Wahenga walishasema mchagua jembe si mkulima.

Kama una laki tatu leo, mgawanyo wangu ni huu. Nyingi iende kwenye safari: changia mafuta na nahodha anayeijua miamba, nenda mara tatu nne kwa mshipi wake. Kidogo kiende kwenye ndoana nzuri, kwa sababu ndoana butu inakutia hasara hata ukiwa na rodi ya dhahabu. Halafu waya mwembamba wa kutanguliza mbele ya ndoana kwa siku za kurambaza. (Neno hilo siku hizi tumelipeleka kwenye intaneti, lakini lilianza na mshipi unaokokotwa nyuma ya chombo.) Nguru ana meno ya wembe, uzi mtupu anaupita bila kuhisi. Koleo la kutolea ndoana. Na barafu.

Barafu watu wanaidharau, wananunua mfuko mmoja kwa ajili ya soda. Jodari ana damu ya moto kuliko samaki wengine. Mchinje mara tu akiingia chomboni, damu itoke, umzike kwenye barafu. Akikaa juani nyama yake inatengeneza sumu inayowasha mdomo na kupandisha wekundu usoni, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Nimeona safari nzuri ikiishia zahanati namna hiyo.

Halafu kuna hili la kuwarudisha samaki baharini, ambalo linagombanisha watu. Mgeni anakuambia mrudishe kila samaki. Shemeji yako anakuuliza umetumia mafuta yote yale halafu unarudi mikono mitupu, una akili? Mimi siko upande wowote kati ya hizo. Changu na jodari wa kutosha familia nakula, tena kwa furaha. Nduaro na kolekole mkubwa namrudisha, akiwa ndani ya maji, bila kumning'iniza kwa mdomo wala kumkumbatia dakika tano kwa ajili ya picha. (Picha zenyewe tunajua, mikono imenyooshwa mbele mpaka samaki wa kilo nne anaonekana mtoto wa nyangumi.) Kwa kazi hiyo tumia ndoana ya duara, na usivute kwa ghafla anapodonoa, zungusha rili taratibu, itamshika yenyewe kwenye pembe ya mdomo. Mzee wangu ilimchukua miezi kuzoea hilo. Mkono uliovuta ghafla kwa miaka arobaini haukubali kutulia.

Lakini chewa uliyemtoa kwenye kina kirefu, tumbo limetokea mdomoni na macho yamevimba, usimtupe ukajisifu umemwachia. Hewa iliyomjaa haimruhusu kushuka. Ataelea, tai watamla. Huyo mchukue, mle, na uhamie kwenye maji mafupi kama hukutaka wengine.

Mwaka jana niliwahi kwenda hadi Fungu Kizimkazi, kile kisiwa cha peke yake zaidi ya kilomita 60 kutoka Dar, hakina mti, kimejaa ndege wa baharini. Boti kubwa, rodi kumi zimesimama kama uzio, wavuvi wenye vifaa ambavyo sikuvijua hata majina. Nilijifunza mengi na sikujutia. Ila kule anayejua maji ni nahodha, na abiria anakabidhiwa rodi samaki akiwa ameshashika. Sikuona raha ile ya kukisia mwenyewe na kupatia.

Raha hiyo naipata Kunduchi. Yule mzee alianza kwa kuiita rodi yangu "kafimbo". Msimu wa kaskazi uliopita alinyanyua "kafimbo" akasema anajaribu kidogo tu, nishike mshipi wake. Akapata kolekole. Akamrudisha baharini kwa kununa, akarusha tena. Tangu siku hiyo sijaishika tukiwa wote. Mimi ni wa kibao na jiwe, na vidole vyangu vina plasta.

Jumamosi ni mwezi kumi na sita. Amenipigia simu kuniuliza kama rili nimeiosha kwa maji baridi.