Kambi mbili, ya Tandika na ya Budapest

Mwezi wa tano dada yangu alinipigia kutoka Tandika, Dar, kunijulisha kwamba binti yake wa darasa la saba anaingia kambi. Mliosoma Dar mnaijua hiyo. Magodoro chini darasani, ndoo yenye jina lako, wali maharage wa michango ya wazazi, na mitihani ya miaka iliyopita inapigwa kuanzia alfajiri mpaka macho yanauma, hadi mtihani wa taifa wa mwezi wa tisa. Akanitajia mchango wangu, nikatuma. Wiki hiyohiyo mwenzangu wa kazini hapa Budapest, Hungaria, akaaga mapema siku ya Ijumaa: anampeleka mwanawe kambi ya hisabati, atamfuata Jumapili. Nikamuuliza mtihani wenyewe ni lini. Akanikazia macho. "Mtihani gani?"

Kambi hizo za Hungaria zilianzishwa na mwanahisabati Lajos Pósa mwishoni mwa miaka ya 1980. Watoto wanapewa maswali machache, wanakaa wawili wawili, wanachora, wanabishana, wakichoka wanatoka nje, wanarudi. Mwalimu anapita akisikiliza, jibu hatoi. Swali likiwashinda wanaondoka nalo, na linaweza kuwasubiri mpaka kambi inayofuata. Maksi hakuna.

Pósa mwenyewe ana kisa chake. Mwaka 1959, hajatimiza miaka 12, alikaa mezani na mwanahisabati mashuhuri Paul Erdős, naye Erdős akamtegea swali. Nalileta kwa namba zetu: ukichagua namba 51 zozote kuanzia 1 hadi 100, onesha kwamba lazima ziwemo mbili ambazo KKS yake, yaani kigawo kikubwa cha shirika, ni 1. Erdős lilikuwa limemchukua kama dakika kumi. Mtoto akaendelea na supu yake, halafu akasema: hizo mbili zinafuatana. Basi. Ukichukua 51 kati ya 100 huwezi kukwepa kubeba mbili zinazofuatana, na namba zinazofuatana hazigawanyiki kwa pamoja na chochote zaidi ya 1.

Nilipokisoma kisa hicho nilimuona mpwa wangu. Babu yake alimfundisha bao akiwa na miaka saba. Wazee wa barazani walinung'unika kidogo kuona mtoto wa kike amekaa pale, wakanyamaza alipoanza kuwafunga. Bao ni mashimo 32 na kete 64, na mchezaji anatakiwa ajue kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaigusa ya kwanza. Mimi nahesabu kwa kunyoosha kidole kwa siri. Yeye anatazama tu, kisha anacheza.

Shuleni kwake kipaji hicho kina jina moja: "Huyu A yake ipo." Darasa lina watoto 130, simlaumu mwalimu, nani angekaa kusubiri mtoto mmoja afikiri? Jioni kuna tuisheni ya shilingi 500 kwa siku, na hiyo tuisheni ni darasa lilelile likiwa limechoka. Njia za mkato zinaandikwa ubaoni, zinakaririwa, MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inaimbwa. Siku moja nilimpa swali la mtihani la kuchagua, akanijibu kabla sijamaliza kulisoma. Umefanyaje? "Naanza na C, Mjomba, ndiyo ya katikati. Ikizidi nashuka B, ikipungua napanda D." Nilicheka sana, maana hiyo nayo ni akili, na kompyuta nyingi zinatafuta vitu kwa mtindo huohuo. Lakini nilipomwambia aondoe hizo herufi anieleze kwa nini jibu ni hilo, simu ikawa kimya. Akadhani amekosa.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na nyumbani. Tukigundua mtoto ana kichwa tunamuongezea saa za tuisheni, vitabu, maswali mia badala ya hamsini. Kasi anayo tayari. Anachokosa ni mtu wa kumpa swali moja gumu, akae kimya wiki nzima, kisha amuulize "una uhakika gani?" hata pale alipopata.

Tukaanza Jumamosi zetu akiwa darasa la tano. Saa mbili usiku kwao, saa kumi na mbili jioni kwangu majira ya baridi. Swali moja kwa wiki. Daftari moja, na sheria yake ni kwamba ukurasa wa kushoto ni wa rafu, haufutwi wala hauchanwi, na ukurasa wa kulia anaandika maelezo ambayo mdogo wake ataelewa. Hiyo ya kutofuta ilimtesa. Amezoea kwamba daftari chafu linachapiwa. Mwezi wa kwanza alikuwa ananipigia picha ya ukurasa wa kulia tu, nami namwambia, nioneshe uchafu.

Swali lililofungua mambo lilikuwa la mpira. Timu 23 za mtaani zinacheza ndondo ya mtoano, anayefungwa anatoka, timu ikikosa mwenzake inapita bila kucheza. Mechi ngapi mpaka apatikane bingwa? Alichora. 11, kisha 6, kisha 3, kisha 1, kisha 1. Jumla 22. Vizuri, nikasema, timu 100 je? Akachora tena, 99. Timu 1,000? Akataka kuchora nikamkataza. Siku nne hakuna neno. Siku ya tano, nikiwa kwenye tramu, unaingia ujumbe wa sauti, nyuma yake anasikika muuza samaki: "Mjomba shikamoo. Kila mechi inamtoa mmoja. Wakiwa elfu abaki mmoja, si lazima watoke mia tisa tisini na tisa? Sasa nilikuwa nachora nini?"

Nilishuka kituo kisicho changu.

Dada yangu hakufurahi sana. "Mdogo wangu, hayo maswali yako yatakuja kwenye mtihani?" Nilitaka kumjibu kisomi, lakini ana haki. Ilboru, Kibaha, Kilakala, shule hizo za vipaji maalumu, hachaguliwi mtu kwa ujumbe wa sauti. Mlango ni mtihani wa darasa la saba, na mzazi wa Tandika hana mlango wa pili. Tukapatana: tuisheni siku tatu badala ya tano, Jumamosi yangu.

Na msidhani huku ni peponi. Kuna shule za sekondari zinazochukua watoto wa miaka kumi kwa mtihani wa mwezi wa kwanza, na wazazi wanalipa walimu wa nyumbani kama sisi tu, labda kwa kujificha zaidi. Mwanangu, ambaye kambi hizo ziko mlangoni kwake, hataki hata kuzisikia. Anataka kuwa golikipa. Sawa.

Ninachowaonea wivu Wahungaria ni kingine. Mwaka 1894 mwalimu wa sekondari, Dániel Arany, alianzisha jarida la maswali ya hisabati kwa wanafunzi. Linaitwa KöMaL, lipo mpaka leo. Mtoto wa kijijini anatuma ufumbuzi wake, unasahihishwa, ukiwa mzuri unaweza kuchapishwa na jina lake. Tena kwa Kihungari, lugha ya nchi isiyofika watu milioni kumi. Mpwa wangu anajenga hoja kwa Kiswahili, tena kwa ufundi, "si lazima watoke" ile ni uthibitisho kamili. Mwakani akianza kidato cha kwanza ataambiwa atoe hoja kwa Kiingereza, na ninajua kitakachotokea kwa sababu kilinitokea: utakuwa na wazo zima kichwani na maneno manne mdomoni, mwalimu ataona yale manne. Ufaulu wa Hisabati kidato cha nne haufiki theluthi ya watahiniwa, na mimi sababu mojawapo naiona hapo. Jarida la kurasa nane kwa mwezi, la Kiswahili, linahitaji mtu mwenye printa na subira. Nimeshaongea na jamaa wawili walimu, mmoja Mbagala, mwingine Kigamboni. Mmoja kakubali.

Kambi aliingia. Nilijua Jumamosi zimekufa mpaka mwezi wa tisa. Juzi usiku ikaingia sauti kutoka namba nisiyoijua. Kaazima simu ya mwalimu wa zamu, ananong'ona, wenzake wamelala.

"Mjomba, zile timu 23, na kama timu inatolewa ikifungwa mara mbili? Nimepata 44 au 45. Inategemea bingwa kafungwa mara moja au hajafungwa. Mwalimu kasema ni 44 tu. Tunabishana naye."

Sijamjibu. Nimemwandikia mwalimu kuomba wampe karatasi ya rafu.