Xbox Iliyokufa Ipewe Kazi ya Sinema, Iliyo Hai Iachwe

Ninaumia nikiona mtu ameipasua Xbox ya kwanza, mashine ya gemu ya Microsoft, iliyo nzima, akatupa vya ndani, akaweka kompyuta ya kutazamia filamu. Mashine zile hazitengenezwi tena. Iliyokufa ni habari nyingine, na zilizokufa si haba. Katika matoleo mengi ya Xbox ile ya mwaka 2001 mna kapasita ndogo ya saa, kijifaa cha kuhifadhi umeme, ambayo huvuja kadiri miaka inavyokwenda, na majimaji yake hula njia za shaba za bodi hadi bodi nzima iharibike. Likibaki kasha tupu la mashine kama hiyo, nalitetea kwa nguvu zangu zote: lipewe kazi.

Tena kazi hii inalifaa kuliko kasha lolote jingine. Kodi, programu inayoendesha kompyuta nyingi za sebuleni leo, ilizaliwa humohumo. Ilianza mwaka 2002 kwa jina la Xbox Media Player, ikawa Xbox Media Center, na jina la Kodi likaja mwaka 2014. Walioiandika walikuwa na prosesa ya megahezi 733 na RAM ya megabaiti 64 tu, lakini runinga ya sebuleni ikaanza kucheza filamu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya chumba kingine. Naiheshimu sana kazi ile.

Nafasi si tatizo. Kasha lina upana wa karibu sentimita 32 na kina cha sentimita 26, na bodi ya mini-ITX, aina ndogo ya bodi kuu ya kompyuta, ni sentimita 17 kwa 17. Utakata vinguzo vichache vya plastiki, utoboe upande wa nyuma pa kutokea HDMI na kebo ya mtandao, basi.

Ninapotofautiana na wengi ni hapa: kwangu mimi, mradi haujakamilika mpaka uso wa mashine ufanye kazi. Nimeona makasha mengi yaliyosafishwa yakang'aa, lakini kitufe cha kuwashia kimekufa na matundu ya kontrola, yaani vifaa vya mkononi vya kuchezea, ni pambo tu. Ya nini basi kuhangaika na kasha la gemu? Boksi la kawaida lingetosha.

Na kuufufua uso ule si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Kitufe cha kuwashia ni swichi ya kubonyeza na kuachia, aina ileile inayosubiriwa na pini mbili za kuwashia kwenye bodi yoyote ya kompyuta. Ni kuunga nyaya mbili. Kontrola zenyewe ni USB, ila plagi yake ndiyo tofauti. Chukua nyaya nne za kila tundu, yaani umeme, ardhi na mbili za data, uzilehemu kwenye kebo inayokwenda kwenye pini za USB za bodi. Waya wa tano, wa njano, uache. Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, inazitambua kontrola hizo kwa draiva yake ya xpad. Ukishaweka Kodi, utachagua filamu kwa kontrola ileile iliyokuja na mashine, na bado utacheza gemu za zamani ukitaka. Raha yake ni kubwa, na ndiyo sababu nasisitiza.

Pawa saplai ya zamani itoe yote. Usijaribu kuitumia tena, na usiiguse ndani hata kama imechomolewa ukutani, kwa kuwa kapasita zake zinaweza kubaki na chaji ya kukudhuru. Adapta ya nje kama ya kompyuta mpakato ni salama zaidi, tena inapunguza joto ndani ya kasha.

Prosesa usichukue kubwa. Intel N100 imepangiwa wati 6 tu na inafungua video za 4K kwa vifaa vyake yenyewe, hivyo feni itazunguka polepole. Ukimya wa mashine sebuleni ni nusu ya sinema. Matundu ya hewa ya kasha usiyazibe, hata kama nyaya zinakusumbua. Bati la ndani la kuzuia mawimbi nalo hudhoofisha Wi-Fi. Ukiliacha, toa antena nje. Mimi natumia kebo ya mtandao, kwa sababu filamu nzito ya 4K hukatikakatika Wi-Fi ikiyumba, na tundu la kebo hiyo lilikuwepo nyuma ya Xbox tangu ilipotoka kiwandani.